Simu ya saa nne ilikuwa yangu

Nawasihi, msipige picha maneno haya wala kumtumia mtu. Mnaoyaona kwenye status yangu ni tisa tu, na nitayafuta baada ya chakula cha mchana.

Leo ofisini nimeletewa karatasi nizipige mhuri.

Kumbe ni ujumbe wetu wa WhatsApp. Kamati ya mazishi ya binamu, aliyepigwa risasi kwenye maandamano. Kila neno lipo. Majina hayapo, ni namba tu, na mbili zimezungushiwa kalamu nyekundu.

Ya kwanza ni yangu. Niliandika: "Aliyefyatua atajwe kanisani."

Mgeni wa bosi, mzee mpole wa sweta, akaniambia, "Mwiitu wakwa, binti yangu, hebu piga hizi namba. Uweke sauti tusikie ni kina nani."

Mkoba wangu ulikuwa miguuni, simu ndani, imewashwa.

Nikapiga kwa simu ya ofisi, nikabadilisha tarakimu ya mwisho.

Ikapokewa na bibi kizee fulani. "Nũũ? Nani? Kama ni mbuzi, nimeshauza!"

Mzee akacheka hadi akakohoa. Akaikata namba yangu kwenye karatasi.

"Ya pili." Safari hii alisogea, akasimama nyuma yangu akitazama kidole changu.

Nikaipiga ilivyo.

Kyalo, ndiyo ile simu ya saa nne. Ulisema, "Kyalo hapa, nani mwenzangu?" Mzee akaandika jina lako.

Usilale kwako leo.

Msinijibu hapa wala kunipigia. Mwenye neno aje dirisha la pili la ofisi yetu hapa Wamunyu, aombe fomu ya kibali cha mazishi. Nitaileta mwenyewe.