Benchi la Herufi

Wiki iliyopita walikuja vijana watatu dukani kwangu, hapa Tunduma, mahali ninapotoa kopi na kuwajazia watu fomu. Ni wanakwaya. Walisema kwaya yao inaandaa sherehe ya kumbukumbu, na wamesikia kwamba mimi niliimba humo zamani na tena naandika vizuri. Waliomba historia fupi ya kurasa mbili, isizidi, kwa sababu itasomwa kabla ya chakula. Nilikubali. Nimekaa nayo wiki nzima. Nimepanga waanzilishi, safari, nyimbo na sare, kila kitu mahali pake, kama nilivyozoea kupanga. Lakini nikifika kwenye benchi, kalamu inasimama. Hizo kurasa mbili watazipata. Habari ya benchi nimeona nikuandikie wewe, maana ni ndefu, na haifai kusomewa watu wenye njaa.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kwenda Vwawa, upande wa mashamba ya kahawa. Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, kwa sababu mama alikuwa akifanya biashara ng'ambo ya mpaka na alirudi nyumbani mara chache. Asubuhi za Juni ukungu ulikaa mpaka saa nne. Tulipukuchua mahindi vidole vikiwa vimekufa ganzi, na moto wa jikoni ulitoa moshi zaidi kuliko joto. Kiamsha kinywa kilikuwa viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu. Bibi aliimba kuanzia alipochochea moto mpaka alipofungia kuku. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, na hakuipandisha hata alipoita mbuzi. Kwa hiyo mbuzi wetu walichelewa kurudi, lakini walirudi.

Kwaya haikuwa ya kanisa moja. Walikuwemo Wamoraviani, Wakatoliki, na fundi seremala mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, ambaye aliimba besi na kutengeneza mabenchi yote. Aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba, mwenye koti moja na subira nyingi. Tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba hakuna mwingine. Nyimbo alizitunga mwenyewe: kuchemsha maji, kupeleka watoto chanjo, kuchimba choo. Wimbo wa choo ulipendwa mno, hata kwenye harusi watu waliuomba, na bibi harusi akacheza. Mazoezi yalikuwa Jumatano na Jumamosi, saa kumi alasiri, katika darasa la tatu. Nota za do, re, mi ziliandikwa kwa makaa kwenye mifuko ya saruji iliyokunjuliwa na kubandikwa ukutani kwa ugali.

Kwaya ile ilikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwenye kwaya nyingine yoyote. Hakuna aliyeruhusiwa kuimba mbele ya watu mpaka ajue kusoma. Asiyejua alikaa kwenye benchi la nyuma, lililoitwa benchi la herufi. Hapo alifanya mazoezi na wenzake, na baada ya mazoezi alibaki na kitabu cha kujifunzia kusoma. Siku akijiona tayari alisimama mbele ya kwaya nzima. Mwalimu alimpa ukurasa ambao hajawahi kuuona, naye aliusoma wote kwa sauti. Akifaulu alivishwa kitambaa cha bluu begani na kuingia kwenye mstari wa sauti yake. Kisha alikabidhiwa mtu mmoja kutoka kwenye benchi, amfundishe yeye mpaka naye asimame. Mwalimu alisema hakuweza kufundisha watu wote peke yake, ila aliweza kuanzisha foleni.

Bibi alikaa kwenye benchi lile miaka miwili. Wimbo aliushika kwa kuusikia mara mbili, sauti zote nne, na wa sauti ya pili walipopotea walimgeukia yeye. Herufi zilimshinda. "Sauti mimi naiona," aliniambia. "Hizi nyeusi ndizo sizioni." Kwaya ilipokwenda kuimba, yeye alisimama upande wa watazamaji, midomo ikicheza bila kutoa sauti. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimeshavishwa kitambaa. Nilisimama kwenye mstari, nikimwona.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo Mwalimu alinipa kazi ya kunakili zile kurasa za kusomwa. Ilipokaribia safari ya Vwawa, ambako kwaya nyingi zingekutana, Bibi alisema atasimama. Jumamosi moja kabla ya siku yake, Mwalimu alinipa ukurasa wa kunakili. Ulihusu shimo la taka, mistari tisa. Hakuniambia ni wa nani, lakini aliyekuwa anangoja kusimama alikuwa mmoja tu.

Jioni ile tulikuwa tunachambua maharage, yeye akitoa mawe, mimi nikitoa yaliyooza. Nikaanza kuusema ule ukurasa kutoka kichwani. Bibi hakuinua uso. Nilipomaliza, maharage yalianguka kwenye ungo moja moja kwa muda mrefu.

"Sema tena," akasema.

Nilisema tena. Mara ya tatu alisema yeye, bila kukosa. Siku zilizobaki nilimfundisha kidole: kianzie wapi, kishuke lini, macho yakifuate. Sikuona kama nafanya kosa. Nilikuwa nimemtazama miaka miwili akiwa upande wa watazamaji, na hiyo ilinitosha kuwa sababu.

Siku yenyewe alishika ukurasa kwa mikono miwili na kuusoma kwa sauti ile ya chini, vizuri kupita watu waliosoma kweli. Kasoro ilikuwa moja. Kidole kilifika mwisho wa ukurasa wakati mdomo uko mstari wa saba.

"Bibi, kidole kimekuacha!" mtu wa besi akapiga kelele.

"Kidole ni kijana," Bibi akajibu bila kugeuka, "mdomo una umri wangu." Akamalizia mistari iliyobaki huku watu wakicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akamvisha kitambaa.

Vwawa tuliimba nyimbo tatu. Sitaieleza sana siku hiyo. Nitasema tu kwamba sauti ya pili ilikuwa kama nyumba iliyopigwa sakafu, kila mtu alijua pa kukanyaga, na kwamba tuliporudi, juu ya lori, Bibi alikataa kuvua kitambaa ingawa vumbi lilikuwa jingi.

Jumatano iliyofuata alikabidhiwa mtu wa kumfundisha. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nadhani hata yeye hakulifikiria.

Mwanafunzi wake alikuwa jirani yetu, msichana aliyeolewa kutoka Isongole, mwenye mtoto mgongoni na Kiswahili kilichofuata mwendo wa Kindali, lugha ya kwao. Mumewe alikuwa utingo wa lori la kwenda Lusaka.

"Ananiandikia barua," alimwambia Bibi siku ya kwanza, "anayesoma ni shemeji. Akifika mahali fulani anacheka peke yake, halafu ananiambia, 'Hapa anakusalimu tu.' Salamu gani hizo za kuchekesha, bibi?"

"Basi tukazitafute," Bibi akasema, akafungua kitabu. Nilimwona akikigeuza kidogo ili picha ya ng'ombe isimame kwa miguu yake.

Walikaa barazani kwetu kila alasiri. Mimi nilikuwa ndani nikisonga ugali, nikisikiliza kama mtu anayengoja kitu kianguke. Bibi aliweka kidole kwenye silabi na kuuliza, "Hii inasemaje?" Jirani akajibu. "Una hakika?" Akajibu kwamba ana hakika. "Kama una hakika, kwa nini sauti imepungua? Rudia." Jirani akarudia, mara nyingine akajisahihisha. Asipojua kabisa, Bibi alisema, "Nenda ukalale nayo mpaka kesho." Jioni Bibi alikuja nayo kwangu jikoni, akinionyesha kwa ncha ya kisu. Nami nilimpa jibu kwa haraka, kama unavyompa mtu chumvi, akaenda nalo. Majibu alikuwa nayo mengi. Kusoma kukabaki kulekule.

Jirani yule alivuka mpaka mwaka jana, akapita dukani kwangu. Ni mama mtu mzima sasa, anaishi Nakonde, anauza mchele wa Kamsamba. Nikamuuliza kama aliwahi kujua kwamba Bibi hakujua kusoma.

"Nilijua wiki ya pili."

"Mbona hukusema, dada?"

"Ningesema ili iweje? Wangenipa mwalimu mwingine, angekuwa ananijibia. Bibi hakuweza kunijibia, ikabidi nijue mwenyewe."

Kule barazani miezi ilipita. Jioni moja jirani alikuja mbio, mtoto akirukaruka mgongoni. "Bibi, zile salamu nimezisoma!"

"Zinasemaje?"

"Sisemi."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye, jirani alipoondoka, alikaa barazani bila kuimba. Niliwasha taa, nikaipua mboga, nikamwita mara mbili.

Jirani aliposimama mbele ya kwaya, Mwalimu alimpa ukurasa wa minyoo. Alisoma polepole, akasimama kwenye neno moja refu, akarudi nyuma kulishika, akalipata. Kidole chake hakikumtangulia hata mara moja. Wanawake walipiga vigelegele, akavishwa kitambaa. Ndipo Bibi akatoka kwenye mstari wa sauti ya pili, akavua kitambaa chake, akakikunja mara nne na kukiweka mezani.

"Mwalimu, ule ukurasa wa shimo la taka niliukariri. Nirudishe benchi."

Mwalimu akauliza, "Nani alikukaririsha, mama?"

"Masikio yangu."

Mwalimu aliniangalia. Nilikuwa mstari wa kwanza, wa tatu kutoka dirishani, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Niliangalia mfuko wa saruji ukutani. Nilisoma nota zote zilizokuwapo, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikanyamaza.

"Kitambaa kitakungoja," Mwalimu alisema, akakitia mfukoni mwa koti. Hakuniambia neno siku ile wala siku nyingine. Jumamosi, karatasi za kunakili alimpa mtoto mwingine.

Sheria ikafuatwa. Aliyefaulu alipaswa kukabidhiwa mtu wa benchi, na jirani alimwomba Bibi. Wakarudi barazani, safari hii kidole kikiwa cha jirani. Bibi alianza ukurasa wa kwanza kama mtoto, bila mimi. Jioni hakunionyesha tena chochote kwa ncha ya kisu. Niliwasikia wakibishana, wakicheka, jirani akisema kwa sauti ya Bibi mwenyewe, "Una hakika?" Bibi alikwenda taratibu, ukurasa mmoja kwa wiki mbili au tatu, lakini alichokipata kilikaa.

Kisha mambo yaliisha, bila ugomvi wala tangazo. Mwalimu alihamishwa kwenda Kamsamba, kwenye joto na mpunga. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mwema asiyejua kuimba, akafunga darasa saa tisa. Mabenchi yalihamia ofisini. Vijana walishuka Tunduma kutafuta maisha kwenye foleni ya malori, na jina la kwaya likashuka nao. Lipo mpaka leo. Wana kinanda, wana spika mbili kubwa, maneno wanayasoma kwenye simu, na wanaimba vizuri kuliko sisi. Siwalaumu. Nilipowauliza wale vijana kama wana mtu yeyote asiyejua kusoma, walishangaa, wakasema siku hizi kila mtu anajua. Wakati huo walikuwapo watu wawili kwenye foleni yangu, watu wazima, wenye fomu mkononi, wananingoja niwajazie. Huwajazia haraka, maana foleni ni ndefu, nao hushukuru. Hakuna anayeniomba nimwonyeshe, na mimi nimechoka, simwonyeshi.

Mume wa jirani alipata kazi ya kudumu ng'ambo, wakahama familia nzima. Siku ya kuondoka, jirani alimwachia Bibi kitabu, akamkunjia pembe ya ukurasa walipoishia. Ulikuwa ukurasa wa kumi na nne. Bibi alikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali panapoonekana kutoka kila upande wa jiko. Kilikaa hapo msimu mzima wa kahawa, na mvua zilizofuata. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, najua kusoma, nalala nyumba ileile. Hakuniomba. Nami niliyejitolea upesi kumpa ukurasa usiokuwa wake, safari hii sikujitolea. Nilijiambia kwamba kuna kuni, kuna kahawa ya kuanika, kuna kesho.

Alifariki mimi nikiwa nimeshashuka Tunduma. Kitabu ninacho. Nimeutazama ukurasa wa kumi na tano mara nyingi. Silabi zinaishia wa kumi na nne, na kwenye huu ndipo sentensi zinapoanza. Ni tatu, kila moja ina maneno mawili. Kwa mwendo wake zingemchukua wiki mbili, au tatu.