Dungu Lililoyumba

Nimefunua sufuria ya wali wa mchele mpya, na ule mvuke umenipeleka shambani kwa bibi, juu ya dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu cha kufukuzia ndege. Nilikuwa nikijigeuza tu, linayumba: mara kidogo, mara kwa kishindo hadi makuti yanalia. Mimi nacheka. Mjomba hakucheka hata kidogo.

"Mama, nikate nguzo nyingine tulikaze. Mtoto ataanguka huyu."

Bibi alikuwa ameinama ndani ya mpunga uliompita kichwa, akipalilia. Akainuka, akalitazama dungu.

"Liache, mwanangu. Nikiwa huku chini mjukuu wangu simwoni. Likiyumba, najua yupo."

Nikajigeuza ubavu wa pili, makusudi, ili ajue.