Punda Asiyekuwamo Kitabuni

Walimwita Bi Subiri, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Kwa miaka thelathini na miwili alikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali kubwa, akiwaunganisha watu wenye haraka na watu wasiokuwa na haraka hata kidogo, na kila aliyepiga alimwambia, "Subiri kidogo." Alipostaafu, hospitali ikamzawadia saa ya ukutani. Mtu asiyeona tangu utotoni, unampa saa ya ukutani! Aliipokea, akashukuru, akaitundika. Alisema mlio wake ni afadhali kuliko kimya.

Nilimfahamu Alhamisi moja alipoingia kwenye maktaba ya wasioona, ambako mimi ni fundi wa kompyuta, na mfagiaji pia siku ambazo mfagiaji ana udhuru. Wakati huo nilikuwa natengeneza programu yangu mwenyewe ya kuandikia vitabu vya kuchagua njia: vile ambavyo msomaji ndiye shujaa, na mwisho wa kila kipande anaulizwa afanye nini. Akichagua moja anapelekwa huku, akichagua mbili anapelekwa kule. Nilitaka wasioona waviandike na wavicheze wenyewe, bila kumwomba mtu awafunulie kurasa. Nilikuwa nimeifanyia kazi miezi minane na nimeshajipiga kifua mbele ya mkutubi.

Bi Subiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijaribu. Alivaa hedifoni, ambamo sauti ya kompyuta humsomea asiyeona kilichoko kwenye skrini, akabonyeza mara tatu, akatulia.

"Mwanangu," alisema, "huyu bwana wa mashine ananiambia 'kitufe, kitufe, kitufe'. Umenijengea nyumba yenye milango kumi, na yote inaitwa mlango."

Vitufe nilikuwa nimevichora vizuri, vya rangi nne, nikasahau kuviandikia majina ambayo mashine ingeyasoma. Tukaenda kwenye pambano la kwanza, ambako dadu huamua nani ashinde. Dadu lilikuwa mchoro. Sauti ikasema "picha", kisha ikasema amekufa.

"Nimeuawa na picha," akasema. "Hata sikuiona ikija."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na asiyeona, Alhamisi baada ya Alhamisi, hadi kila kitufe kikawa na jina, na dadu likajifunza kutamka namba yake. Mkutubi alinipongeza. Nilipokea pongezi zote, sikumgawia mtu.

Ilinichukua muda kugundua kwamba Bi Subiri hakuja kwa ajili ya programu yangu. Alikuja na kitabu mkobani. Mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa maneno machache sana. Mkewe alisema ungeyahesabu maneno yake ya siku nzima kwa vidole, na vidole vikabaki. Lakini jioni, wakishakula, alimsomea kitabu hicho. Kilikuwa cha kuchagua njia, kikimhusu msafiri aliyenaswa kwenye mji uliozingirwa, anayetafuta pa kutokea. Bi Subiri alichagua kuingia mnarani, na ndani ya mnara wakamkuta punda anayesema. Wakaanza kupanda ngazi pamoja naye. Kila jioni walipanda ngazi mbili tatu tu, ghorofa moja ikawachukua miezi, na kila walipofika mahali pa kupumzika punda aliuliza swali lilelile: moja, tupande, mbili, tukae kwanza. Bi Subiri alisema moja. Mume akafunga kitabu, wakalala.

Walipanda hivyo kwa miaka kumi na moja. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, mume akaanguka kazini, moyo ukasimama, wakiwa hawajafika juu.

"Nataka kufika juu tu," aliniambia. "Kitabu ninacho, macho ndiyo sina. Ukishakiingiza humo nitamalizia mwenyewe."

"Binti yako hakukusomea?" niliuliza. Alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo, anayepiga simu Jumapili.

"Alitaka. Sikutaka sauti ya mtu mwingine iingie mle. Huyu wa mashine si mtu, hana ubaya."

Ningekuwa na akili ningejiuliza mapema: kitabu chembamba vile, kitachukuaje miaka kumi na moja? Sikujiuliza. Nilikipitisha kwenye skana ukurasa kwa ukurasa, na baada ya ukurasa wa sitini na nne ukaja wa themanini na moja. Kwa wasiojua kazi hiyo, karatasi kubwa hukunjwa mpaka inakuwa fungu la kurasa kumi na sita, na mafungu hushonwa pamoja. Fungu moja likisahaulika, kitabu hakiuziki, na mafundi huruhusiwa kukichukua nyumbani. Kipande cha mnara kilikuwa ndani ya fungu lililosahaulika.

Mtu mwenye busara angekwenda kumwambia kwanza. Mimi kwa kimbelembele changu nikatafuta nakala nzima wiki tatu, nikaipata kwenye maktaba ya chuo, nikaliziba pengo bila kuzisoma kurasa zenyewe. Alhamisi hiyo nilimngoja mlangoni nikiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi.

Akakaa, akachagua mnara. Nilikuwa nimeweka sauti itoke kwenye spika ili nami nisikie.

"Unaingia mnarani," ikasema sauti. "Mnara ni mtupu. Sakafu imeoza na inaporomoka chini yako. Safari yako imeishia hapa."

Alirudi mwanzo, akachagua mnara. Sakafu ikaporomoka. Akarudi tena.

"Punda yuko wapi?" akauliza.

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake niliandika neno "punda" kwenye sehemu ya kutafuta, nikapekua kitabu kizima.

"Hayumo," nikasema. "Mama, kitabu hiki hakina punda." Nikamweleza habari ya fungu lililosahaulika, kurasa kumi na sita, kuanzia sitini na tano hadi themanini. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza hitilafu ya printa. Alivua hedifoni, akauzungusha waya wake polepole, akachukua fimbo yake nyeupe, akatoka. Hakuniaga.

Alhamisi tatu zilipita asitokee. Ya nne nikapiga moyo konde, nikaenda kwake, vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu.

"Hodi!"

"Karibu, mharibifu."

Redio ilikuwa inasema peke yake chumbani na nyingine jikoni. Alinipa chai, akachukua simu yake na kuiuliza saa, ingawa saa ya ukutani ilikuwa imetoka kugonga. Nilipomwuliza kwa nini, alisema ya ukutani inapiga kelele tu, ila ya simu inajibu ukiiuliza. Nilikunywa chai yangu nikitazama sakafu. Na mimi kwangu naacha televisheni ikiwaka, lakini hilo sikumwambia.

"Alinidanganya," alisema. "Miaka kumi na moja! Anafungua kitabu, nasikia karatasi zinafunuliwa, kumbe anafunua ukurasa uleule kwenda na kurudi. Si angesema tu, 'Mke wangu, hapa hapana kurasa, chagua njia nyingine'?" Akacheka kidogo. "Nina upweke, mwanangu. Tangu afe nina upweke, lakini nilijua kuna kitu kilichobaki kule juu, kinaningoja. Sasa umekuja wewe na kurasa zako kumi na sita."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Bado ni mharibifu."

Nikasema lililokuwa karibu: kwamba programu ile si ya kuchezea tu, ni ya kuandikia pia. Aliinuka, akazima redio zote mbili. Nilidhani nimeharibu tena.

"Nitamwandika mimi," akasema mwishowe. "Ghorofa zote nazikumbuka. Nitampandisha mwenyewe."

Aliandika miezi saba. Vidole vyake vilizoea kazi. Vilikimbia kwenye kibodi bila kosa, na sauti ikamsomea kwa kasi ambayo mimi nilisikia kama nyuki. Nikitaka kusikia ilibidi anipunguzie, akiguna, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Kulikuwa na ghorofa ya karani anayetafuta muhuri alioukalia. Kulikuwa na wapishi wawili wagomvi wanaoandikiana barua huku wanachota chungu kimoja, na ghorofa iliyofurika maji ambako bata walikuwa wapangaji. Nilicheka mpaka mkutubi akaja kuchungulia. Mtu yule wa maneno machache, jamani, alikuwa ameyaweka wapi maneno yote haya?

Na punda alilalamika. Kila ghorofa alilalamika. Ngazi hizi zilijengwa na mtu wa miguu miwili. Magoti yangu yanalia kuliko mimi. Mnyapara wangu anataka mia nne kabla ya adhuhuri. Harufu ya gundi hainitoki puani hata nioge mara tatu.

Mdomo wangu haukujifunza kitu miezi yote ile. "Lakini mama," nikasema, "punda na gundi wapi na wapi?"

Vidole vikasimama. Nilitazama mikono yake juu ya kibodi, nikatamani kuurudisha ulimi wangu nyuma.

"Akirudi kazini nilikuwa namwuliza, za kazi?" alisema taratibu. "Ananijibu, nzuri. Miaka ishirini na sita, nzuri. Nikaridhika. Nikampelekea maji, nikamwambia, haya, soma." Alijifuta uso kwa kiganja. "Magoti yale yalikuwa yake, na gundi ile, na mnyapara yule. Mwaka wa mwisho punda alisema kifua kinambana akipanda. Nilicheka, maana alilisema vizuri. Aliniuliza, tupande au tukae kwanza? Nikasema tupande. Kila siku nikasema tupande. Nilikuwa na haraka ya kufika juu."

Nilimshika bega. Hakunisukuma, wala hakuniegemea.

Kitabu kilipokamilika kilikuwa na ghorofa arobaini na moja, na kikakomea hapohapo walipokomea. Juu hakuandika, aliweka neno "Mwisho" tu. Alisema juu hakukuwa na kitu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda huko. Kilichobaki ni kukitia kwenye orodha ya maktaba ili wasomaji wakicheze. Kabla ya hapo programu hukagua kila njia kama inafika mahali, na hiyo ni sheria niliyoitunga mwenyewe, kwa sababu hakuna kinachomchosha mchezaji asiyeona kama kuchagua kitu na kukuta kimya, asijue kama ni kitabu kimeisha au ni mashine imekufa.

Programu ilikagua, ikatoa makosa arobaini na moja. Kwenye kila ghorofa, chaguo la pili, "tukae kwanza", lilikwenda kwenye ukurasa uleule mmoja, na ukurasa huo haukuwa na neno hata moja.

"Umesahau kuuandika," nikamwambia.

"Sikusahau. Sijui kilichokuwepo huko. Sikuwahi kuchagua."

"Basi tuyaondoe hayo machaguo. Libaki moja tu, tupande. Kitabu kitapita."

"Aliniuliza kila siku, mwanangu. Halafu leo nimfutie swali lake?"

Nikamwomba aniachie siku mbili. Nilikwenda nyumbani nikaandika ukurasa ule, na nilijitahidi kweli: punda anakaa, anapumua, anasimulia habari za kazi yake. Alhamisi nikamsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, mikono mapajani.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ila jino la pembe si dawa ya pengo. Huyu ni wewe. Wewe nakujua unavyosema, unasema tangu asubuhi."

Nikaufuta ukurasa wangu. Nilifungua programu, nikaitafuta sheria yangu na kuizima kwa ajili ya kitabu hicho kimoja. Nilimwonya kwamba wasomaji watapiga simu, watasema kimeharibika. Alisema wapige, kupokea simu ndiyo kazi aliyoisomea.

Kisha akataka kukijaribu yeye wa kwanza. Nilimwekea kiti, akavaa hedifoni, nikabaki na spika nikifuata kwa sauti ya chini. Akaingia mnarani, akampata punda, wakapanda ghorofa ya kwanza. Punda akalalamikia magoti, akauliza: moja, tupande, mbili, tukae kwanza.

Bi Subiri akabonyeza mbili.

Mashine ikanyamaza. Nilingoja abonyeze kitu kingine, hakubonyeza. Aliilaza fimbo yake sakafuni, akakivuta kiti karibu zaidi na meza.

"Haya, nimekaa," akasema. "Pole na kazi, baba. Magoti yanasemaje leo?"