Makande ya Shimoni

Majuzi nilipita kando ya shimo la moramu lililoachwa wazi pale Hedaru, nikakumbuka harufu ya samadi.

Siku hiyo ya utotoni baragumu lilikuwa limelia kuita msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Wanakijiji waliteremka na vikapu hadi shambani kwa Bibi, palipochimbwa moramu ya barabara. Kila mmoja alimwaga samadi yake shimoni, kimya. Nikadhani ni mazishi.

"Bibi, amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Udongo una njaa."

Nikaumwagia makande yangu yote ya mchana, mahindi na maharagwe. Bibi hakucheka, aliyafukia taratibu kwa jembe.

Mvua ziliponyesha, aliniita nione mharagwe ulivyochipua palepale. Nilitamba shuleni muhula mzima.

Sasa nalima mwenyewe, na najua maharagwe yaliyochemshwa hayaoti.