Kanuni Haikusema Kitu Kuhusu Tairi

Dada yangu alivunjika mfupa wa bega katika mbio za pikipiki zilizoanzia Talatala na kuishia uwanja wa mpira wa Kyela mjini. Mpaka leo nikipita ile kona ya mashamba ya mpunga alikoanguka, natema mate kwa hasira. Watu wananiambia niyaache. Siyaachi.

Mimi ni fundi pikipiki, banda langu liko karibu na stendi. Dada yangu, ambaye nimemtangulia kwa miaka mitatu, anaendesha bodaboda. Anabeba abiria, anabeba magunia ya kakao kutoka Ngonga. Mwaka wake wa kwanza wanaume wa kijiweni walimcheka. Mwaka wa pili wakanyamaza, kwa sababu mvua zikianza, wao wanashuka kusukuma, yeye anawapita akiwa amekaa.

Lazima niseme na jambo linaloniaibisha. Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa na mazoea ya kwenda kutazama mbio za magari kwenye banda la televisheni, zile mbio kubwa za dunia. Nilikwenda na fundi mwenzangu ambaye banda lake lilitazamana na langu. Hatukubishana sana kuhusu madereva. Tulibishana kuhusu matairi, kwa sababu sisi ni mafundi, na tulijua kwamba gari lenye injini kali halifiki popote tairi zake zikishachoka. Msimu mmoja timu fulani ilikuja na ujanja wa kuzipoza tairi. Za wengine zilikwisha katikati ya mbio, zao zilibaki nzima. Wenzao wakalalamika, wakaguzi wakakagua, ikaonekana hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kosa. Baadaye kanuni ikabadilishwa, lakini ushindi uliokwisha kuchukuliwa haukurudishwa.

Tulipiga makofi. Nilimwambia mwenzangu, "Hao ndio wenye akili. Wengine wanasoma kanuni wajue kilichokatazwa. Wao wanasoma wajue kilichosahaulika." Alicheka mpaka soda ikamwagika.

Basi, mfanyabiashara mmoja wa mpunga akaamua kudhamini mbio za bodaboda. Zawadi ilikuwa pikipiki mpya. Ikaundwa kamati, mwenyekiti wake mwalimu mstaafu, na kanuni zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata, ukurasa mmoja. Injini zote ziwe za ukubwa mmoja. Kila mtu avae kofia ngumu. Breki zote mbili zifanye kazi. Pikipiki iwe ile ile mtu anayofanyia kazi. Niliusoma ukurasa ule mara mbili, nikarudi kumwandalia dada yangu pikipiki. Mimi, ninayeshika tairi kila siku ya Mungu, sikuona kwamba kuhusu tairi hapakuandikwa hata neno.

Mwenzangu aliona.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo kabla ya mbio. Asubuhi yenyewe barabara ilikuwa tope jeusi la mbuga, lile linaloshika kiatu na kukivua. Waendeshaji walikuwa wamejipanga pale Talatala mwenzangu alipofika na pikipiki iliyofunikwa turubai. Mwendeshaji wake alikuwa mpwa wa yule mdhamini. Turubai likavuliwa. Tairi zilikuwa za mashindano ya matopeni, zenye meno marefu kama pingili ya kidole. Hata Mbeya sijawahi kuziona dukani. Ziliagizwa mbali.

Nilimfuata mwenyekiti. "Mwalimu, hii si sawa."

Akavaa miwani, akafungua karatasi yake. "Nionyeshe mstari alioukiuka."

"Hakuna mstari. Lakini wenzake wote wana tairi za kawaida, na tope unaliona."

"Nani aliwazuia kuja na za tope?"

"Zinapatikana wapi, Mwalimu?"

"Hilo si la kamati." Akaikunja karatasi. "Pikipiki anafanyia kazi, injini ni ile ile, breki zipo. Atashindana."

Nikamgeukia mwenzangu. Nilikuwa bado nimeshika spana. "Umefanya nini wewe?"

Hakunijibu kwa dharau, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alishangaa kweli. "Kaka, si tulipiga makofi pamoja? Si wewe uliyesema wenye akili ndio hao?"

Ningempiga. Namshukuru dada yangu aliyenivuta shati kwa nyuma. "Kaka, niache niendeshe. Njia hii naijua kuliko yeye."

Aliijua kweli. Waendeshaji wenzake walinisimulia baadaye kwamba karibu njia nzima alikuwa wa pili. Penye ardhi ngumu alimkaribia yule mpwa mpaka akaona maandishi ya mgongoni mwake. Wakiingia kwenye tope, mwenzake anashika ardhi na kuondoka, na tairi za dada yangu zinajaa udongo mpaka zinakuwa laini kama chungu kilichosuguliwa. Kwenye ile kona akajaribu kupita kwa ndani, mahali ambapo siku ya kazi angepunguza mwendo. Gurudumu la mbele likateleza. Akatua kwa bega.

Mimi nilikwisha kufika uwanjani kwa njia nyingine. Watu walikuwa wanamshangilia mshindi, mara akaja mwendeshaji mmoja anapiga kelele kwamba dada yangu ameanguka. Nilimkuta amekaa kwenye tuta la shamba, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilikuwa namfikia."

Wakati yeye anafungwa bandeji hospitali, uwanjani mdhamini alimkabidhi pikipiki mpya mpwa wake mwenyewe. Aliitoa mkono wa kulia, ikarudi nyumbani kwake. Watu wakapiga picha. Mwenyekiti akasimama akasema ushindi ni halali.

Mwenzangu alikuja nyumbani kumjulia hali, na mkungu wa ndizi. Dada yangu akamwambia, "Ndaga," akamshukuru kwa Kinyakyusa kama anavyoshukuriwa mgeni yeyote. Mimi nilitoka nje, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka alipoondoka. Sijakaa naye tena kutazama mbio.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa kamati na ukurasa wangu mwenyewe. Niliandika kwamba kamati itafute tairi za aina moja kwa wote, kila mwendeshaji apate zake kwa kura, na zifungwe mbele ya watu. Mwenyekiti alisoma, akasahihisha herufi mbili, akakubali. Alikuwa mtu wa maandishi tu. Ukimwandikia haki, ataifuata haki. Lakini mdhamini aliposoma, akasema mpwa wake atachagua tairi zake mwenyewe, na kama hawataki, watafute mdhamini mwingine. Walitafuta. Hawakupata. Mbio hazikufanyika, mwaka ule wala mwaka huu.

Na sasa pale stendi wanasema mimi ndiye niliyeua mbio! Si aliyekuja na turubai. Si aliyejipa zawadi yake mwenyewe. Mimi, niliyetaka watu wote wakanyage tope moja kwa tairi za namna moja. Kijana mmoja aliniambia usoni kwamba familia yetu haijui kushindwa. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka.

Dada yangu amerudi barabarani. Mkono haupandi tena kupita bega, nimemkunjia usukani uwe chini kidogo. Wiki iliyopita alikuja nimkazie cheni, akanikuta nazungumza mwenyewe. Akaniuliza, "Unamkasirikia nani hasa, kaka?"

Nikamtajia. Mdhamini, mpwa wake, mwenyekiti, fundi mwenzangu, wale waliopiga picha. Akasubiri nimalize.

"Wote hao," akasema, "na yule aliyekagua pikipiki yangu kila mahali asikague ile karatasi ya kanuni, je?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi sikumvunja mtu mfupa. Akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga, na cheni nilikuwa sijamaliza kuikaza. Ilibidi nimkimbilie barabarani, mbele ya watu wote, na spana mkononi.