Bi Ofelia na Kidole cha Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja Ofelia Barattini alikaa nyuma ya watu wengine jukwaani, na hakuona ubaya. Mpiga fidla husimama mbele kwenye mwanga na kuvuna sifa. Mpiga piano kazi yake ni kufuata: mwenzake akichelewa naye achelewe, akikimbia akimbie, akikosea amfunike. Montevideo nzima ilijua kwamba anayetaka kufunikwa vizuri amtafute Bi Ofelia, yule mwembamba asiyefungulia mtu mlango kabla hajamaliza chai yake ya asubuhi, ile ya majani ya mate.

Alikuwa na mtindo wake ambao wenzake waliucheka. Kabla ya mazoezi aliazima nota za mpiga fidla, akanakili kwa penseli namba za vidole vya mkono wa kushoto: moja ni shahada, mbili cha kati, tatu cha pete, nne kile kidogo. "Vidole vya watu vinakuhusu nini?" walimuuliza. Vilimhusu sana. Kwa namba hizo alijua mpiga fidla atahamisha mkono wapi, na wapi atahitaji kusubiriwa.

Ndivyo alivyogundua, mwezi Machi, kwamba namba nne zilikuwa zinatoweka.

Nota zilikuwa za Griselda Zunino, binti wa fundi cherehani, miaka kumi na tisa, ambaye Ofelia alimpigia piano tangu miguu yake haijafika sakafuni akikaa kitini. Kwanza nne moja ilifutwa ikaandikwa tatu. Wiki iliyofuata zilifutwa tano. Kufikia Pasaka hapakuwa na nne hata moja ukurasa mzima, na pale ambapo kidole kidogo kingegusa uzi tu na kumaliza kazi, Griselda alikuwa akikiserereza kidole cha pete mpaka kiifikie sauti. Mserereko ule ulikula muda, muda wa kupepesa jicho. Ofelia akamsubiri.

Basi wakaja wahakiki, watu wanaosikia kila kitu isipokuwa kilichopo. Larraburu, ambaye gazeti lake lilisomwa na kila mwenye tai, aliandika kwamba fidla ya binti Zunino inalia kama mtu, na kwamba miserereko ile iliyosahauliwa na vijana yeye kazaliwa nayo. Mwishoni akaongeza: "Na Ofelia Barattini humsubiri katika kila mserereko, utadhani wawili hawa wanavuta pumzi moja."

Lilikuwa jina lake, kamili, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja. Ofelia alilikata lile gazeti akaliweka kwenye droo ya vijiko, na kila alipotafuta kijiko alilisoma. Alifurahi, tusidanganyane. Jumapili iliyofuata alisubiri vizuri zaidi.

Sifa zikaongezeka. Zilitoka Rosario, zikatoka Buenos Aires. Bwana Atilio, babake Griselda, alizibandika kwa pini ukutani dukani kwake, na wateja walizisoma huku wameinua mikono wakipimwa kifua. Mwezi Mei ukaja mwaliko wa Ulaya, kupiga na okestra kubwa katika miji saba. Meli ingeondoka Alhamisi ya kwanza ya Juni.

Hapo ndipo Ofelia alipoanza kukosa raha. Alimkumbuka Humberto Pasquet, aliyesoma naye piano. Humberto naye kidole kidogo kilianza kujikunja chenyewe, bila maumivu, naye akakificha miaka miwili kwa ujanja wa vidole vingine. Vikafuata vingine, kimoja baada ya kingine. Daktari alimwambia kwamba angeacha mapema angeuokoa mkono. Sasa hakuweza hata kufunga kifungo cha shati.

Alimwendea Bwana Atilio dukani.

"Bwana Atilio, Griselda apumzike. Mkono wake ni mgonjwa."

"Mgonjwa!" Fundi alicheka pini zikiwa mdomoni. "Ukutani pale kuna watu kumi na wanne wanasema anapiga kama malaika. Wewe mmoja unasema anaumwa."

"Wale wamesikia tu. Mimi nimesoma vidole."

"Bi Ofelia, tuseme ukweli. Kule kuna okestra, wewe hukualikwa. Si ndiyo?"

Maneno yalimwingia, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Akatoka bila kuaga.

Jumapili saa tisa alasiri lilikuwa onyesho la kuaga. Ofelia alikuwa ameamua. Walipofika pale penye mserereko mrefu kuliko yote, pale Larraburu alipopapenda, hakusubiri. Alisonga mbele kwa mwendo ulioandikwa. Griselda hakuwa na nafasi ya kuserereza kitu, ikambidi atumie kidole cha nne. Kikajikunja kuelekea kiganjani, kikagonga uzi wa jirani, fidla ikatoa sauti kama kiti kinachoburutwa. Msichana aligeuka akamtazama. Ofelia akaendelea, akingoja ukumbi unong'one.

Ukumbi ulisimama wote ukapiga makofi.

Asubuhi Larraburu aliandika kwamba binti Zunino ana ujasiri wa kuikwaruza hata sauti nzuri ili ukweli utoke, na kwamba Bi Barattini, kwa masikitiko, sasa anakimbizwa na umri. Sifa ya kumi na tano ikapigwa pini.

Siku hiyohiyo, mvua ikinyesha, Ofelia akikaanga maandazi, Griselda alibisha hodi. Hakuketi.

"Ulifanya makusudi."

"Ndiyo, mwanangu. Nilidhani watasikia."

"Wasikie wapi! Baba kanunua magazeti sita." Alicheka, kicheko kibaya. "Ulijua tangu lini?"

"Machi."

"Machi." Griselda alilirudia neno hilo polepole. "Bi Ofelia, mwalimu wangu amekufa. Baba hajui nota. Hapa mjini ni wewe peke yako unayesoma vidole vyangu. Kila wiki nilifuta, nikakuletea unakili. Unadhani nilikuwa nakuletea za nini? Mwenyewe nisingeweza kusema, Baba ameshajenga ukuta mzima. Nilitaka uniambie acha."

Ofelia alizima jiko.

"Badala yake ukanisubiri," alisema msichana. "Kila Jumapili vizuri zaidi. Kwa nini?"

Angeweza kusema kwamba kazi yake ni kufuata. Aliona aibu kusema uongo mbele ya mtoto huyu.

"Waliandika jina langu."

Griselda aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa alichokijua. Akavua glavu ya kushoto, akauweka mkono mezani katikati ya unga. Kidole kidogo kilikuwa kimelala kiganjani. Kile cha pete, kilichobeba miserereko yote na sifa zote kumi na tano, kilikuwa kinateremka taratibu kukifuata, na mwenyewe anakitazama.

"Hiki kilianza lini?" Ofelia aliuliza.

"Pasaka."

Ofelia alikishika akakinyoosha. Kilinyooka bila ubishi. Alipokiachia, kikarudi kujikunja.