Kikombe cha Micah

Jepleting alipata kiu kama mtu mwingine yeyote, ila maji yake aliyanywea jikoni, nyuma ya mlango, haraka kama anayeiba sukari. Hakutaka mumewe Micah, aliyeshinda sebuleni kwenye kiti, aone glasi iliyojaa. Figo za Micah zilikuwa zimekufa, na chochote alichokunywa kilibaki mwilini mpaka siku ya kusafishwa damu. Kwa hiyo alipimiwa kwa kikombe kidogo cha bati, na mpimaji alikuwa mkewe.

Walikuwa wameliacha shamba lao Keringet wakapanga nyumba mjini, mtaa wa Section 58, ili wawe karibu na hospitali. Huko Sista Akoth, muuguzi wa mashine ya kusafisha damu, alimfundisha Jepleting kazi yote: kumpima uzito kila asubuhi, kubonyeza miguu aone kama imevimba, kumenya viazi, kuviloweka ili madini yanayomdhuru mgonjwa wa figo yatoke, na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika. Ebu fikiria, mtu aliyezaliwa kwenye viazi anafundishwa viazi upya! Lakini alishika yote, na Micah akaanza tena kutania majirani.

Ndipo mama yake Micah akaja kuwatembelea, na gunia la viazi na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ambayo hakuna mgeni wala mgonjwa wa kwao anayenyimwa. Alipoona viazi vyake vikilowekwa kama nguo chafu, alicheka. Alipoona kikombe cha bati, aliacha kucheka. Jepleting alimweleza habari ya figo, akarudia, akarudia tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mimi huyu nimemlea na maziwa. Wewe utamzika na kiu."

Maneno hayo yalimchoma. Jumapili, alipokuwa akitoka kwenda kanisani, alikiona kibuyu kando ya kiti cha mama, na alijua vizuri kitakachotokea. Lakini utamnyang'anyaje mama mkwe kibuyu mkononi, tena mbele ya mwanawe? Alimwangalia Micah. Micah akamwambia aende tu, asichelewe. Aliporudi kibuyu kilikuwa kitupu, na mama na mwana walikuwa wakiongea habari za ng'ombe kwa furaha ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa muda mrefu.

Asubuhi Micah hakuweza kulala chali wala kumaliza sentensi. Uso ulikuwa umevimba, na kifua kilitoa sauti ya chungu kinachochemka. Walimkimbiza hospitalini. Sista Akoth alimuunganisha kwenye mashine haraka, midomo ameikaza, kisha akageuka.

"Nani amempa vitu vya kunywa vingi hivi? Huyu mtu mapafu yamejaa maji."

Kwenye benchi, mama alikuwa akiikunja leso yake na kuikunjua. Jepleting alimwonea huruma, huruma ya kweli.

"Ni mimi, Sista," akasema. "Nilisahau kupima."

Akoth alimgombeza mbele ya wagonjwa wote, na alimgombeza vilivyo. Jepleting aliinamisha kichwa akayameza maneno yote. Micah alipona. Mama alirudi Keringet.

Haukupita muda, akina mama wa kanisa la kwao Keringet wakapiga simu. Walikuwa wamesikia kwamba alimnywesha mumewe mpaka akakaribia kufa, na kwamba hata nesi alishangaa. Walikuwa wanamwombea, wakasema, Mungu ampe moyo wa kumtunza mgonjwa. Jepleting aliwashukuru, maana afanyeje. Hakuuliza wamesikia kwa nani. Kutoka Keringet, ni mtu mmoja tu aliyekuwa kwenye lile benchi.

Alimwomba Micah awapigie awaambie ukweli. Hakutaka kingine. Micah aliiangalia miguu yake, ile ambayo mkewe huibonyeza kila asubuhi.

"Mama ni mzee, hiyo aibu itammaliza," akasema. "Wewe uko na nguvu."

Jepleting aliinuka. Alikwenda jikoni akampimia maji yake kwenye kikombe cha bati, si pungufu si zaidi, akamletea. Kisha akajaza glasi yake mpaka juu, akaketi sebuleni mbele yake, akanywa polepole mpaka ikaisha, huku Micah akimwangalia.